Wazo la Shoo Halina Hakimiliki

Swali ni lile lile, leo analileta mcheza dansi, kesho fundi wa taa za jukwaani: "Nimebuni shoo ambayo haijawahi kuonekana. Nikishapata cheti cha hakimiliki, si hakuna mwingine atakayeruhusiwa kuifanya?" Hapana. Na anayekuuzia "ulinzi wa wazo" kwa kiapo, muhuri au bahasha unayojitumia mwenyewe kwa posta, anakula hela yako bure.

Bahasha inaonyesha tarehe ya posta, basi, na hata hiyo inabishiwa: bahasha tupu isiyofungwa nayo hugongwa muhuri. Cheti ni ushahidi wa ulichowasilisha. Wazo halimilikiwi. Kinacholindwa ni namna ulivyolitenda: miondoko ipi, ikifuatana vipi, mwanga ukiangukia wapi.

Mtazame Teller, mwanamazingaombwe wa Marekani. Waridi limo kwenye chombo, kivuli chake kiko nyuma. Teller anakata kivuli kwa kisu, na petali za waridi halisi zinadondoka. Mchezo huo, "Shadows", aliusajili mwaka 1983 kama igizo lisilo na maneno. Mwenzake wa Ulaya alipouiga, alijitetea kwamba mbinu yake ya siri ni tofauti. Haikumsaidia. Mwaka 2014 mahakama ya shirikisho huko Nevada ilisema kiinimacho chenyewe hakina hakimiliki, ila igizo linayo, na kinachopimwa ni kile anachokiona mtazamaji. Mwanga nao unalindika: mwaka 1992 mahakama ya juu ya Ufaransa ililitambua onyesho la taa la Mnara wa Eiffel kuwa kazi ya ubunifu. Hakuna aliyekatazwa kuwasha taa kwenye mnara mwingine.

Sasa fanya hivi. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ya 1999 inakupa haki tangu unapobuni. Ya Kenya ya 2001 inataka kazi iwe imeandikwa au kurekodiwa. Kwa hiyo rekodi shoo nzima, andika miondoko, chora mpango wa taa, kisha nenda kwenye ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, KECOBO kwa Kenya. Mliobuni pamoja, sainini mkataba kabla ya onyesho la kwanza kuhusu nani anamiliki nini. Anayekurekodi kwa simu bila ruhusa unambana kwa hakishiriki, yaani haki yako kama mtumbuizaji. Weka katazo kwenye tiketi na mlangoni. Jina la shoo unaweza kulisajili kama alama ya biashara kwenye ofisi ya usajili: BRELA kwa Tanzania Bara, KIPI kwa Kenya. Mbinu ya siri? Mafundi wote wasaini mkataba wa kutunza siri kabla hawajaiona.