Picha ya Ubongo na Mtoto Mwenye Usonji

Wakati wa mazoezi ya ufundishaji mwanachuo mmoja alitujia na swali lililotufanya tuandike makala haya. Katika Darasa la Pili alilokabidhiwa alikuwamo mtoto asiyemtazama mtu usoni, aliyerudia maneno ya mwalimu badala ya kuyajibu, na aliyelia kwa uchungu kila madawati yalipohamishwa. Mwanachuo alikuwa amesikia kwamba zipo mashine zinazopiga picha ya ubongo. Akauliza, kwa nini mtoto huyu asipelekwe hospitali akapigwe picha, ijulikane kama ana usonji au hana?

Swali hilo ni la haki. Jibu lake fupi ni kwamba hadi sasa usonji hautambuliwi kwa picha ya ubongo. Hutambuliwa kwa kuutazama mwenendo wa mtoto na kuwasikiliza wanaoishi naye. Lakini jibu fupi halimtoshi mwalimu, kwani atazidi kujiuliza: kama ni hivyo, wataalamu wanazipiga picha hizo kwa ajili gani?

Hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1943 Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 waliokuwa na hali hii. Alisema walizaliwa nayo. Lakini aliandika pia juu ya ubaridi wa baadhi ya wazazi wao, na maneno hayo ya pili ndiyo yaliyoshikwa na wengi. Kwa miaka mingi akina mama waliambiwa kwamba watoto wao wamejifungia ndani ya nafsi zao kwa kukosa mapenzi ya mama. Bruno Bettelheim wa Chicago alilieneza wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1967. Mama aliyekesha na mtoto asiyelala alirudi kutoka kwa mganga wake akiwa na mzigo wa pili, nao ni mzigo wa hatia.

Wazo hilo halikuvunjwa na mashine. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walitoa matokeo ya uchunguzi wa jozi 21 za mapacha nchini Uingereza, ambamo katika kila jozi walau mmoja alikuwa na usonji. Kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana, katika jozi 4 wote wawili walikuwa nao. Kati ya jozi 10 za wasiofanana, haikupatikana hata moja. Ikadhihirika kwamba urithi una sehemu kubwa, na kwamba yapasa kutazama jinsi ubongo unavyokua. Hapo ndipo picha zilipopata kazi yake.

Mashine itumikayo sana katika utafiti huu haitumii eksirei. Ni sumaku yenye nguvu nyingi, iliyoundwa mfano wa pipa lililolazwa. Mwili wetu umejaa maji, na katika maji mna haidrojeni. Chembe zake huitikia sumaku hiyo, na zikipigwa na mawimbi ya redio hurudisha ishara ambayo kompyuta huigeuza kuwa picha. Ipo pia namna nyingine, iliyoanza kuelezwa mwaka 1990 na Seiji Ogawa na wenzake, ambayo hufuatilia oksijeni katika damu ili kukisia ni sehemu gani ya ubongo inayofanya kazi. Zile rangi nyekundu na manjano tuzionazo magazetini si rangi za ubongo. Ni hesabu zilizotiwa rangi.

Shida iliyo kubwa ni kwamba mtoto sharti atulie kimya ndani ya pipa linalogonga kama karakana ya mabati. Mwalimu yeyote anajua maana ya kumwambia mtoto wa miaka mitano asijitikise kwa dakika kumi. Watoto wachanga hupigwa picha usiku wakiwa katika usingizi wao wa kawaida. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba hata mtikisiko mdogo wa kichwa huweza kuifanya picha ionyeshe kana kwamba sehemu za ubongo zilizo mbali haziwasiliani vema, na hilo ndilo lililokuwa limedaiwa kuwa alama ya usonji. Ilibidi madai kadhaa yapimwe upya.

Uchunguzi unaostahili kusomwa kwa makini ni ule uliotolewa mwaka 2017 na Heather Hazlett, Joseph Piven na wenzao nchini Marekani. Walichukua watoto wachanga 106 ambao kaka au dada zao walikuwa na usonji, pamoja na wengine 42 wasio na ndugu kama hao, wakawapiga picha wakiwa na miezi 6, 12 na 24. Katika watoto 15 walioonekana baadaye kuwa na usonji, eneo la uso wa ubongo lilikuwa limepanuka upesi kupita kawaida kati ya mwezi wa 6 na wa 12, yaani kabla dalili hazijakamilika. Kompyuta iliyofundishwa kwa vipimo hivyo iliweza kubashiri: katika kila watoto 100 iliowataja, 81 walikuwa na usonji kweli.

Wasomaji wengi huishia hapo na kushangilia. Sisi tunaomba wanachuo wachukue chaki. Kipimo hicho kiliwatambua watoto 88 katika kila 100 wenye usonji, na kiliwatuhumu kimakosa kama 5 katika kila 100 wasio nao. Kwa wadogo wa watoto wenye usonji, karibu mmoja kati ya watano huwa nao. Basi katika watoto 1,000 wa namna hiyo, 200 wanao, na mashine itawataja 176. Katika 800 wasio nao itawataja 40. Jumla ni 216, na walio wengi ni wa kweli.

Sasa tuchukue watoto 1,000 wa kawaida, na tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba 10 wana usonji. Mashine ile ile itawapata 9, lakini kati ya 990 waliosalia itawataja 50 hivi kimakosa. Tumepata watoto 59 waliotiwa alama, na 50 kati yao hawahusiki kabisa. Mashine haikubadilika, watoto ndio waliobadilika. Watafiti wenyewe walifanya kazi yao kwa familia zile tu, na si haki kuchukua maneno yao na kuyapeleka kwingine.

Yule mwanachuo tulimweleza hayo yote kwa jioni mbili. Kisha akatuambia jambo alilokuwa amelificha: mama wa mtoto yule alikuwa amekuja shuleni na kuuliza kama ni yeye aliyemharibu mwanawe. Tulimwambia amjibu waziwazi kwamba sivyo, na amweleze habari za mapacha, kwani zinaeleweka kuliko habari za sumaku.

Kuhusu hospitali, tulimshauri asiende na ombi la picha bali na daftari. Andika tarehe, saa na tukio. Usiandike "mtoto ni mkaidi", andika "madawati yalihamishwa saa nne, akalia hadi kengele ya mapumziko, kesho yake aliambiwa mapema, akasaidia kubeba, hakulia." Andika pia anachokipenda, ni maneno gani anayarudia na baada ya nani, na kama hugeuka akiitwa kwa jina. Wiki tatu za maandishi ya namna hiyo, pamoja na maelezo ya mama, ndizo daktari atakazozihitaji kwanza.