Je, Wajua? Shule ya Mapadri Ni ya Nani?

Je, wajua kwamba mtoto wa Butembo anayesoma kwa mapadri, kisheria anasoma shule ya serikali? Shule hizo twaziita za konvansioni. Serikali huweka programu, hukagua na ndiyo inayopaswa kulipa walimu; kanisa huziendesha siku kwa siku. Zaidi ya nusu ya shule za serikali Kongo ni za aina hii.

Je, wajua mkataba wa kwanza una umri gani? Ulitiwa sahihi 26 Mei 1906, kati ya Vatikani na dola la Kongo la Leopold II, mfalme wa Wabelgiji. Kila misheni ya Kikatoliki iliahidiwa hekta 100 hadi 200 za ardhi. Nayo ifungue shule inapowezekana, ifundishe kilimo na ufundi. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe, na mkataba haukuwataja kama wenye kuulizwa.

Huku kwetu, mapadri wa shirika la Waasumpsioni walifika pande za Beni mwaka 1929.

Je, wajua kwamba shule za Waprotestanti zilinyimwa ruzuku mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili? Wamisionari wao wengi walikuwa Waingereza, Wamarekani na Waswidi, si Wabelgiji kama watawala wa koloni. Waumini wao walilipa kodi ileile kama Wakatoliki.

Shule za serikali zisizo na dini kwa watoto Waafrika zilisukumwa na waziri wa makoloni wa Ubelgiji, Auguste Buisseret, kuanzia 1954, maaskofu wakapinga vikali. Miaka sita tu kabla ya uhuru!

Je, wajua kwamba Rais Mobutu alizitwaa shule zote za makanisa mwishoni mwa 1974? Tanzania ilikwisha kutwaa zake mwaka 1970. Lakini Mobutu alishindwa kuziendesha: 26 Februari 1977 alitia sahihi mkataba wa kuzirudisha kwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu walijiunga baadaye.

Vyuo vikuu navyo vilikuwa vimeunganishwa kuwa kimoja cha taifa mwaka 1971. Mlango wa vyuo vya binafsi ulifunguliwa 1989, na mwaka huohuo Askofu Emmanuel Kataliko akaanzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben hapa Butembo. 

Je, wajua ni nani aliyelipa walimu hazina ya taifa ilipokauka? Mzazi. Miaka ya mwanzo ya 1990 mishahara ilikuwa haitoshi hata kununua unga, walimu wakagoma, shule zikafungwa. Makanisa na wazazi wakapatana: wazazi wachange primu ya mwalimu, yaani nyongeza ya mshahara. Ilikusudiwa kuwa msaada wa muda. Ikadumu zaidi ya miaka ishirini na mitano, na mchango huo ukapanda hata kulisha ofisi zilizo juu ya shule. Mama aliyeuza maharage sokoni alilipia shule ya serikali kana kwamba ni ya binafsi. Asipolipa, mtoto alirudishwa nyumbani katikati ya muhula. Walimu na akina mama hao wanastahili kuandikwa katika historia yetu kwa wino mzito.

Je, wajua kwamba Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema wazi shule ya msingi ya serikali ni ya bure? Utekelezaji wa nchi nzima ulianza Septemba 2019. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Katiba hiyo alikuwa na miaka 13: kama alisoma bila kukatizwa, shule ya msingi alikwisha kuimaliza, na wazazi wake walikwisha kuilipia.