Quaid angepata kipande Isiolo?

Kama hujaiona Total Recall, tafuta ile ya 1990, si ile ya 2012. Steringi ni Arnold Schwarzenegger, anaitwa Quaid, mtu wa mjengo. Anaenda kampuni ya Rekall kununua kumbukumbu ya safari ya Mars, mambo yanaharibika, na bibi yake anamwambia hata ndoa yao ilipandikizwa kichwani. Sasa jamaa atajijuaje?

Wewe uliyechukua kipande Nairobi bila stress unaweza kuona ni muvi tu. Huku Isiolo, kwa miaka mingi, kijana Msomali alikalishwa mbele ya wazee na maafisa: babu yako nani, ukoo gani? Unajua umezaliwa hapa, lakini lazima mwingine akubali. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kwamba uhakiki huo wa ziada umeisha.

Niliitazama na beshte yangu aliyerudishwa mara mbili alete mashahidi. Kule mwishoni Quaid anafungwa kwenye kiti, wamfute awe tena jasusi Hauser. Alipong'oa pingu, beshte aliruka juu: "Wallahi, wewe ni Quaid! Basi!"