Chuo cha Marekani, Kambi au Ajira ya Polisi: Mkimbiaji Wako Apite Wapi?

Matokeo ya KCSE yakitoka, nyumba nyingi za Eldoret zenye mtoto anayekimbia huingia kwenye mabishano. Kocha wa shule ana chuo Texas, meneja ana nafasi kambini, mjomba amesikia polisi wanaandikisha. Kila mmoja ana bingwa wa kutolea mfano. Mzazi aulize mambo mawili tu kuhusu kila njia: itagharimu nini kabla ya shilingi ya kwanza kuingia, na mtoto atabaki na nini mguu ukikataa?

Mpime kwanza

Makocha wa vyuo huanza na muda wa uwanjani: mita 1,500, 5,000 au 10,000. Muda wa mbio za barabarani hauwaambii mengi. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo muda wa hapa huwa mzito kuliko ambao mtoto angekimbia pwani. Kocha mzoefu hulizingatia hilo. Halafu huangalia umri halisi, majeraha, na miaka ya mazoezi. Aliyeanza juzi na tayari anakaribia wakongwe ana nafasi kubwa ya kupanda kuliko aliyezoea mazoezi mara mbili kwa siku tangu Fomu ya Kwanza.

Chuo cha Marekani

Ada ya viza ya mwanafunzi ni dola 185, na ya usajili wa SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wageni, dola 350. Jumla ni dola 535, takriban shilingi 69,000 dola ikiwa 129, na viza ikikataliwa ada yake hairudishwi. Ongeza mtihani wa Kiingereza, tiketi ya ndege na safari za Nairobi.

Barua ya ufadhili isome mstari kwa mstari. Je, inalipa karo, malazi, chakula, vitabu na bima ya afya, au nusu tu? Hufanywa upya kila mwaka? Akiumia itakuwaje? Kumbuka pia kwamba viza hiyo inambana mwanafunzi asifanye kazi apendavyo, hivyo usitegemee atume pesa nyumbani.

Alama zikiwa hazitoshi, kuna vyuo vya miaka miwili. Sally Kipyego alianzia South Plains, akahamia Texas Tech, akashinda mataji tisa ya NCAA (mashindano ya vyuo vya Marekani), kisha fedha ya mita 10,000 London 2012. Mwenye alama za juu kabisa aangalie mpango wa KenSAP, ulioanzishwa 2004 na Mike Boit pamoja na John Manners. Vyuo ambavyo mpango huo unavilenga husaidia kwa kuangalia uwezo wa familia, na msaada wa namna hiyo hauvunjiki mguu unapovunjika.

Kambi na meneja

Gharama ya kuanza ni ndogo, ila viatu vya kaboni pekee vinaweza kupita dola 250. Eliud Kipchoge hakupitia chuo. Alitwaa dhahabu ya dunia ya mita 5,000 mwaka 2003 akiwa na miaka 18. Lakini kocha wake, Patrick Sang, alisoma Chuo Kikuu cha Texas kabla ya kushinda fedha ya kuruka viunzi na maji Barcelona 1992.

Zawadi nazo zisome vizuri. Mshindi wa Boston Marathon 2024 alitengewa dola 150,000. Marekani humkata mwanariadha mgeni asilimia 30, meneja kwa kawaida huchukua 15. Zinabaki 82,500, nazo husubiri majibu ya vipimo vya dawa. Hayo ni ya mshindi; wa ishirini hurudi na uchovu.

Polisi, jeshi, magereza

Hapa kuna mshahara wa kila mwezi, matibabu na pensheni, na wanariadha hupewa nafasi ya kufanya mazoezi. David Rudisha, mwenye rekodi ya dunia ya mita 800, ni askari polisi. Ubaya wake ni kwamba nafasi ni chache na hazitangazwi kila unapozihitaji.

Uamuzi

Mwenye C+ au zaidi na muda mzuri wa uwanjani aende chuo, kwa sababu shahada hubaki hata mbio zikiisha. Kambi inamfaa yule ambaye tayari anashindana na wakubwa, au ambaye masomo yamekataa kabisa. Asijifunge kwa mkataba wala kukimbilia pesa kabla ya kuamua, maana miaka ya mbio za kulipwa baada ya shule inaweza kumpunguzia misimu ya NCAA. Ajira ya serikali ikipatikana, isidharauliwe.

Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana hapa Eldoret wakidai warudishiwe pesa walizolipia mpango wa masomo ya Finland na Kanada. Kwa hiyo andika barua pepe kwa idara ya riadha ya chuo chenyewe, kupitia anwani iliyo kwenye tovuti yake, na ulipe ada za viza mwenyewe. Anayetaka umlipe yeye ndipo akupe skolashipu, mwonyeshe mlango.