Jino Linalegea, Shavu Linavimba

Mtoto wa miaka 6 akilegea jino la mbele, mzazi hana haja ya kushtuka. Ni meno ya utoto yanampisha mwenziwe. Lakini magego yakilegea kabla ya wakati wake, ufizi ukavimba, na shavu likazidi kukua kila wiki, basi hapo pana jambo jingine.

Wengi wetu hudhani kosa ni la jino. Jino hung'olewa, na uvimbe hubaki pale pale ukiendelea kukua. Wengine husema ni mdudu wa jino. Hakuna mdudu hapo.

Mwaka 1957 daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeitwa Denis Burkitt, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, kushoto na kulia, juu na chini. Wiki chache baadaye, huko Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye taya zilizovimba. Alipompima alikuta na tumbo nalo lina uvimbe. Akaanza kuuliza: mbona ugonjwa ni ule ule? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Waligundua kwamba ugonjwa huu hupatikana katika nchi za joto na mvua, wala si kwenye milima yenye baridi. Kwa maneno mengine, ni nchi za mbu, kama pwani yetu hii.

Ugonjwa huo leo huitwa saratani ya Burkitt. Mwaka 1964 wataalamu wa London, wakichunguza nyama iliyotoka Uganda, waliona ndani yake kirusi kisichojulikana kabla. Kirusi hicho huenea kwa mate, na watoto wetu karibu wote hukipata bila kuugua saratani. Malaria ya mara kwa mara ndiyo hudhoofisha kinga ya mwili, na kwa watoto wachache sana saratani huanza. Mtoto mgonjwa haambukizi saratani yake kwa wenzake. Msimtenge.

Lakini si kila uvimbe wa taya ni Burkitt. Uko mwingine uitwao ameloblastoma. Huanzia katika chembe zinazotengeneza meno. Huwapata zaidi vijana na watu wazima, nao hukua polepole, pengine kwa miaka, bila maumivu. Kwa kuwa hauumi, watu hukaa nao mpaka uso unapinda. Kwa kawaida hausambai mwilini, lakini ukikwanguliwa tu hurudi. Huu dawa yake ni kupasuliwa vizuri. Burkitt hukua kwa siku na wiki, na dawa yake ni sindano za saratani. Watoto wengi wanaotibiwa mapema hupona.

Mnaona basi kwa nini daktari hawezi kukisia kwa macho. Akikosea jina, atakosea na dawa. Hupiga picha ya eksirei, kisha hukata kijinyama kidogo na kukipeleka maabara kitazamwe kwa hadubini. Chembe za Burkitt hujaa pamoja kama anga jeusi, na katikati mna vidoa vyeupe kama nyota. Watu huogopa kukatwa wakisema uvimbe utakasirika. Kipande hicho hakiongezi ugonjwa. Kinachoongeza ni kungoja majibu ya mganga wa kienyeji huku shavu linavimba.

Mtu wa Kitomanga aanzie kituo cha afya. Kutoka hapo ataandikiwa barua ya kwenda Hospitali ya Sokoine mjini Lindi, na ikibidi Muhimbili, Dar es Salaam. Ukifika, mweleze daktari uvimbe ulianza mwezi gani, ni meno yapi yalilegea kwanza, na kama jicho limesukumwa nje au tumbo limejaa. Kama jino lilikwisha ng'olewa, sema pia lini. Usione haya.