Safari Yetu ya Serengeti, na Sababu ya Nyumbu Kuhama

Wasomaji wengi wa gazeti letu hili wamekwisha kumwona nyumbu katika picha, na baadhi yao, hasa sisi wa vijiji vya mpakani, wamekwisha kumwona mchuzini, ingawa hilo hawatalikiri mbele ya walimu. Lakini katika darasa letu la Kidato cha Tatu, waliokuwa wamekwisha kuingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kabla ya mwezi wa Februari mwaka huu walikuwa wawili tu. Mimi sikuwa mmoja wao. Kwetu ni katika wilaya ya Serengeti, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mpakani. Usiku tunasikia fisi, na mara nyingine simba, lakini hifadhi yenyewe niliijua kama mtu aijuavyo nyumba ya jirani asiyemkaribisha.

Mwalimu wetu wa Jiografia alipotangaza kwamba tutakwenda huko siku tatu, tulishangilia sana. Akatunyamazisha kwa neno moja. Alisema kwamba atakayerudi na orodha ya wanyama tu atarudishiwa daftari lake bila alama. Alitaka kila mmoja aeleze kwa nini mnyama fulani yuko mahali fulani wala si pengine. Wakati ule niliona ametuharibia matembezi.

Tuliondoka Ijumaa alfajiri kwa basi, tukaingia kwa lango la Ndabaka, lililo karibu na barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Hapo tulipokewa na askari wa hifadhi, mzee mwenye sauti ya upole, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wetu. Tulimwamkia, akatusomea masharti: mwendo wa gari usizidi kilometa 50 kwa saa, hapana kushuka ila mahali paliporuhusiwa, hapana kuwalisha wanyama wala kuwapigia kelele, mifuko ya plastiki, ambayo imekatazwa nchini tangu mwaka 2019, isiingie hata mmoja, na gari lisiache njia, maana alama ya magurudumu katika majani hukaa muda mrefu, na gari la pili hulifuata la kwanza mpaka panakuwa barabara.

Kutoka Ndabaka mpaka Seronera ni karibu kilometa 140. Sehemu ya kwanza ni udongo mweusi unaonata, kama ule wa majaruba ya mpunga kwetu, na basi letu lilikwama mara moja, tukangoja ndani zaidi ya saa nzima kwa kuwa hatukuruhusiwa kushuka kusukuma. Nyumbu hatukuwaona. Tuliona nyamera, swala pala, twiga, na viboko wa mto Grumeti. Wenzangu walianza kunung'unika kwamba nyumbu wako wapi. Mzee akawaambia kwamba tungalikuja mwezi wa Juni tungaliwakuta hapo hapo tulipokwama.

Tulilala Seronera. Juu ya simba sitaandika mengi, kwa kuwa kila mtu huandika juu ya simba. Tuliwaona sita wamelala chini ya mgunga, wala hawakujishughulisha nasi.

Siku ya pili tulikwenda kusini mpaka kilima cha Naabi, na hapo ndipo niliposahau kunung'unika. Nyanda ilikuwa tupu mbele yetu, kijani kibichi, bila mti hata mmoja, na juu yake nyumbu na punda milia wasio na hesabu. Inasemwa kwamba jina la Serengeti latokana na neno la Kimasai lenye maana ya mahali pasipo mwisho. Hapa na pale yalitokeza majabali kama yale tunayoyajua sisi wa Mara na Mwanza, lakini yametokeza vichwa tu, kana kwamba yamezikwa mpaka shingoni.

Nikauliza, "Mzee, nani amekata miti?"

"Hakuna aliyeikata, mwanangu. Haikupata kuota."

Akatuonyesha ukingo wa korongo uliochimbwa na maji. Juu ulikuwa udongo mwepesi wa rangi ya kijivu, na chini yake tabaka jeupe, gumu kama saruji. Udongo ule, alieleza, ni majivu ya milima ya moto iliyo upande wa mashariki, kama Kerimasi na Ol Doinyo Lengai. Huu wa pili ungali hai, na ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Kwa maelfu ya miaka upepo wa mashariki umeyachukua majivu na kuyamwaga juu ya nyanda hizi, ukayafunika majabali. Mvua inaponyesha huyeyusha chokaa iliyomo katika majivu na kuishusha chini kidogo, na hapo inaganda. Mizizi ya mti haiwezi kulipenya tabaka lile. Majani mafupi, yenye mizizi ya juu juu, ndiyo yanayoweza kuishi. Kadiri unavyokwenda mbali na ile milima, majivu yanapungua, majani yanarefuka, na mwisho miti inaanza. Kumbe jana tulipokuwa tukitoka magharibi tulikuwa tunaisoma habari hii kinyumenyume, tukitangulia mwisho wake!

Majani yale mafupi yana fosforasi na kalsiamu kwa wingi, na hayo ndiyo anayoyahitaji nyumbu jike mwenye mimba au anayenyonyesha. Tena katika majani mafupi fisi na simba huonekana kutoka mbali. Kwa hiyo nyumbu huzalia huku, na karibu wote huzaa katika majuma machache tu, mwezi wa Februari. Adui hawezi kula wote kwa mara moja, basi wengi huokoka. Tulimwona ndama mmoja akizaliwa. Alianguka, akajaribu kusimama, akaanguka tena. Rafiki yangu alikuwa akitazama saa, na dakika ya nane ndama akawa amesimama pembeni mwa mama yake. Kabla hatujaondoka alikuwa akikimbia, ingawa miguu yake haikupatana vizuri.

Hapo mwenzetu mmoja akauliza swali ambalo hata mimi nililikuwa nalo. Ikiwa huku ni kuzuri hivyo, kwa nini wahame? Na ikiwa kaskazini kuna maji, kwa nini wasikae huko huko daima?

Jibu ni mvua. Nyanda za kusini zimekingwa na milima mirefu ya Ngorongoro, nazo hupata mvua ya milimita 500 hivi kwa mwaka. Kaskazini na magharibi, kwa sababu ya unyevu wa Ziwa Viktoria, mvua hupita hata milimita 1,000. Masika yakiisha, kusini hukauka upesi, hata maji ya kunywa hakuna. Ndipo nyumbu huelekea magharibi na kaskazini, wakifika mto Mara kuanzia mwezi wa Julai, na wengine huvuka hadi Kenya. Huko majani ni mengi lakini ni marefu, makavu, na hayana nguvu ya yale ya majivu. Yanatosha kumwokoa nyumbu na njaa, lakini hayatoshi kumlea ndama. Mvua za Novemba zikianza kusini, wanarudi.

Mto Mara ndio unaobaki na maji upande ule hata katika ukame mkali. Nao hauanzi ndani ya hifadhi. Chemchemi zake ziko katika msitu wa Mau, nchini Kenya. Sisi tunaokwenda Tarime kutoka Musoma tunauvuka mto huo huo katika daraja la Kirumi, wala sikumbuki kama nilipata kuyatazama yale maji nikamfikiria nyumbu. Msitu wa Mau ukikatwa, mto utapungua, na hakuna askari wa Serengeti awezaye kuuzuia usipungue.

Jioni Mzee alitueleza habari iliyonigusa kuliko zote. Kwa miaka mingi hesabu zilizopigwa kwa picha za ndege zimetaja nyumbu kama milioni 1.3. Lakini mwaka 1961 walikuwa karibu 250,000 tu. Waliobaki walipungukiwa na nini? Si majani, wala si kwa sababu ya simba. Walikuwa wakiuawa na sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe uliofika Afrika Mashariki karibu mwaka 1890, ukaangamiza ng'ombe wa wafugaji, na pamoja nao nyumbu na nyati. Kila mwaka ndama wa nyumbu walikufa kwa wingi. Hakuna aliyemchanja nyumbu. Waliochanjwa ni ng'ombe wa vijiji vilivyozunguka hifadhi, katika miaka ya 1950 na 1960. Sotoka ilipokosa ng'ombe wa kukaa ndani yake, ikatoweka kwa nyumbu pia, na kufikia mwaka 1977 walikuwa wameongezeka mara tano. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba ugonjwa huo umekwisha duniani kote.

Na mwaka 1994 simba kama elfu moja, theluthi ya simba wote wa Serengeti, walikufa kwa ugonjwa wa mbwa, ule wa homa na kifafa. Wataalamu waliona kwamba ulitoka kwa mbwa wa vijijini. Tangu hapo mbwa wa vijiji vingi vya mpakani wamekuwa wakichanjwa.

Likizo fupi ya Aprili nilikwenda nyumbani, nikasimulia haya yote baada ya chakula. Babu yangu, ambaye alikuwa mvulana wakati wa chanjo ile, alikumbuka vizuri. Waliwaswaga ng'ombe usiku kucha ili wafike josho asubuhi, na baadhi ya wazee walikataa kwa hofu kwamba sindano itawaua.

"Kumbe nyumbu wale ni wangu," alisema. "Na hakuna hata mmoja aliyekuja kunishukuru."

Baba hakucheka. Mwaka juzi tembo walikula mahindi yetu ekari moja na nusu kwa usiku mmoja, na mahindi yale ndiyo sare na madaftari yangu. Serikali ina malipo yanayoitwa kifuta jasho, na jina lenyewe lasema kwamba si fidia. Baba aliniuliza kama yule mzee alitufundisha dawa ya tembo. Nikamweleza aliyotuambia: kuchoma pilipili kavu pamoja na kinyesi cha ng'ombe upande upepo unakotoka, kulinda kwa zamu kijiji kizima badala ya kila mtu na shamba lake, taa kali na madebe, na kubadili njia hizi mara kwa mara, kwa maana tembo hujifunza upesi.

"Pilipili tumejaribu," Baba akasema. "Zamu hatujajaribu. Watu wa kwetu hawakubaliani hata juu ya kisima."

Watu wa chanjo walipopita mwisho wa mwezi ule, mbwa wetu alichanjwa, na Baba mwenyewe ndiye aliyemshika. Tembo walikuja mwezi wa Mei, mahindi yalipoanza kubeba. Nimeandikiwa kwamba safari hii majirani wanne walitoka kulinda pamoja na Baba, na kwamba kimeliwa kipande kidogo cha upande wa mtoni.