Programu Huria za Picha na Istilahi Zake katika Kiswahili

Makala haya yahusu zana ambazo kila mwenye kompyuta aweza kuzipata bila ya malipo, yaani mfumo wa Linux na programu za kuhariri picha zitumikazo ndani yake. Yakusudia kuuliza swali moja tu: je, mtu asiyejua Kiingereza aweza kufundishwa zana hizo kwa Kiswahili, na kwa maneno gani?

Kwa msomaji ambaye jambo hili ni geni kwake, historia yake si ndefu. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU, wa kuunda programu ambazo kila mtu angeruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzigeuza na kuwagawia wengine. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo ulioitwa Linux, na kazi hizi mbili zikaungana. GIMP, ambayo ndiyo mashuhuri zaidi katika kuhariri picha, ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Toleo lake la 3.0 lilitoka mwaka 2025. Zipo na nyingine, kama digiKam ya kupanga picha na darktable ya kushughulikia picha ghafi. Wala mtu asidhani kwamba Linux ni jambo la mbali: simu za mkononi za Android, ambazo wengi wetu tunazo mifukoni, zina kiini hicho hicho.

Jina la jumla la programu hizi lastahili kutazamwa kwanza. Katika Kiingereza neno moja hubeba maana mbili, ya kutolipiwa na ya kutofungwa, na wenye lugha hiyo wamelazimika kueleza kila mara ni ipi wanayoikusudia. Kiswahili hakina shida hiyo, kwani tunalo *bure*, tunalo *huru*, na tunalo *huria*. Neno *bure* halifai, ijapokuwa ndilo linalotangulia mdomoni. Kwani pamoja na maana ya kutolipiwa lina maana ya kukosa faida, na mtu aambiwaye kuwa amefanya kazi bure hafurahi. Neno *huru* lasifu zaidi mtu au nchi. *Huria* ndilo lililokwisha kuzoewa katika jambo lililo wazi kwa kila atakaye, kama katika *soko huria*, na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992. Hivyo *programu huria* ni istilahi njema, na hapa twaweza kusema kwamba tafsiri imekuwa bayana kuliko asili yake.

Basi tumfikirie mpenda picha wa kata ya Nyansurura, mkoani Mara. Katika sehemu hizo za Serengeti na Tarime lugha za nyumbani ni kama Kikuria na Kingoreme. Kiswahili hufunzwa shuleni, na tangu mwaka 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Kiingereza huwa lugha ya kufundishia kuanzia sekondari. Kijana aliyeishia darasa la saba aweza kuwa na jicho zuri la picha, akawapiga watu picha za harusi na za vitambulisho, na akapata programu ya kuhariria bila ya kutoa hata senti; walakini sehemu kubwa ya mafunzo ya programu hiyo yameandikwa kwa Kiingereza. Zana ameruhusiwa, mafunzo yamemshinda. Wala haifai kusema kwamba kikwazo ni umbali peke yake. Katika miaka ya 2000 wataalamu wa Tanzania, wakishirikiana na wale wa Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Stockholm, walijenga mtandao wa majaribio katika wilaya za Bunda na Serengeti ili kuunganisha shule, hospitali na ofisi za serikali za mitaa. Njia yaweza kufika mahali kabla ya maneno.

Kazi ya kuleta maneno hayo imekwisha kuanzwa. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi ulioitwa Kilinux, uliosaidiwa na Sweden, ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Hilo lilikuwa tendo kubwa. Amri za kila siku zilipata majina ambayo sasa yanaelekea kukubalika: *hifadhi*, *nakili*, *bandika*, *chapa*. Mengine yaliyoenea katika Kiswahili cha kompyuta yameundwa kwa ustadi, mathalan *tendua*, lililotumia kiambishi kile kile kinachogeuza *funga* kuwa *fungua*. Ugomvi wa *kompyuta* na *tarakilishi* nauacha kando. Umekwisha kula karatasi nyingi kuliko thamani yake.

Lakini programu za ofisi ni kazi ya kuandika, na msamiati wake ulikuwa karibu. Picha ni jambo jingine. Watengenezaji wa programu hizi waliazima maneno yao katika chumba cha giza, mahali ambapo picha zilisafishwa kwa dawa na maji, na mfasiri asiyekijua chumba hicho hupotea upesi. Nitatoa mifano miwili. Katika GIMP ipo zana ya kupunguza weusi wa sehemu ya picha, na mwenziwe wa kuuongeza. Majina yake ya asili yatokana na kazi ya fundi aliyekinga mwanga kwa mkono usiifikie karatasi, au akauachia zaidi. Sasa karatasi ya picha huwa nyeusi kila inapopigwa na mwanga. Kwa hiyo kukinga mwanga ni kung'arisha, na kuzidisha mwanga ni kutia giza. Mfasiri akiifuata asili atamwambia mwanafunzi *zidisha mwanga*, na mwanafunzi ataona picha inakuwa nyeusi! Afadhali zana zitajwe kwa matokeo yake: *ng'arisha* na *tia giza*. Mfano wa pili ni zana ya kuifanya picha ionekane kali zaidi, ambayo jina lake la asili, kwa ajabu, lazungumzia ukosefu wa ukali, kwa kuwa mafundi wa zamani walitumia nakala yenye ukungu ili kupata picha kali. Kulitafsiri jina hilo neno kwa neno ni kumfunga mtu kitambaa cha macho. Mimi napendekeza *noa*. Kisu hunolewa, akili hunolewa, na sioni kwa nini picha isinolewe.

Yapo maneno ambayo hatuna haja ya kuyaunda kabisa, kwa sababu mafundi wa studio walikuwa nayo kabla ya kompyuta. Picha *hupigwa*, filamu *husafishwa*, picha ndogo *hukuzwa*. Neno *safisha* lingefaa sana kwa kazi ya kuitoa picha ghafi kamerani na kuifanya itazamike, kazi ambayo katika darktable hufanywa katika sehemu iliyopewa hasa jina la chumba cha giza. Siku hizi vijana husema *kuediti*, na sidhani kama wanafanya hivyo kwa kuidharau lugha yao. Wamelikuta neno moja tu dukani, wakalinunua. Ama kuhusu kupunguza kingo za picha, *kata* halifai, maana limekwisha kutwaliwa na amri nyingine ya kuondoa kitu na kukiweka tayari kubandikwa. Napenda *pogoa*. Mkulima wa kahawa wa Tarime halihitaji kufafanuliwa: huondoa matawi yasiyotakiwa ili yaliyobaki yanawiri.

Limebaki jambo la sarufi, nalo ni gumu kuliko msamiati. Katika programu nyingi za aina hii maneno yote ya kioo huwekwa katika faili la maandishi, mstari wa Kiingereza juu, na chini yake mstari mtupu ulioachwa kwa mfasiri. Mtu yeyote aweza kuujaza, na kwa hali hiyo mlango u wazi kwa walimu na wanafunzi wetu. Taabu ni kwamba baadhi ya mistari ina pengo, ambalo mashine hulijaza jina la kitu wakati wa kazi. Kiingereza hakijali ni jina gani litakalotiwa. Kiswahili hujali: *picha haikuhifadhiwa*, lakini *tabaka halikuhifadhiwa*, na *kielelezo hakikuhifadhiwa*. Mashine hutoa nafasi ya umoja na wingi, na kwa hesabu hiyo tunaridhika, kwani *picha 1 imefutwa* na *picha 3 zimefutwa* zote zaandikika; lakini haikutengewa nafasi ya ngeli. Wafasiri wengine hutia kiambishi *i-* popote, na matokeo yake ni Kiswahili ambacho mtoto wa shule angesahihishwa. Njia iliyo salama ni kukimbilia kitenzi-jina, ambacho hubeba upatanisho wake chenyewe, na kuliweka jina mwishoni baada ya nukta mbili: *Kuhifadhi kumeshindikana: tabaka*. Sentensi hiyo si tamu, lakini haina kosa, na yakubali jina la ngeli yoyote.

Mwongozo wa GIMP wenyewe umetolewa kwa leseni huria ya hati ya GNU, hivyo kuutafsiri na kuugawa ni halali bila ya kuomba ruhusa kwa mtu, mradi masharti ya leseni yafuatwe. Mahali pa kuanzia, kwa maoni yangu, ni sura za kupogoa, kung'arisha na kunoa, ambazo mpiga picha za vitambulisho huzihitaji kila siku; sura za matabaka na vichujio zaweza kungoja mpaka maneno haya machache yamejaribiwa studioni.